Gari la Mjomba Lililoinama

Likizo ya mwaka 2012 nilikwenda Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kumtembelea mjomba. Gari lake, Toyota Hilux kuukuu ya miaka ya 1980, lilikuwa limeinama mbele upande wa kushoto. Na kesho yake tulitakiwa kumpeleka bibi hospitali Mocímboa da Praia, kwa njia ya mchanga.

Mbele ya gari hilo mna fito mbili za chuma, moja kila upande, zinazojipinda gurudumu linapopanda. Mwisho wa kila ufito pana boliti: ukiikaza gari huinuka, ukiilegeza hushuka.

"Mjomba, tukaze mpaka mwisho!" nikasema.

Akacheka. "Ukikaza mno, gurudumu litakosa nafasi ya kushuka shimoni, na viungo vyake vitalika upesi."

Tukaliweka gari mahali tambarare, tukapima kwa kamba toka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kushoto palipungua vidole vitatu. Tukainua kwa jeki, tukaweka magogo chini ya chasisi, mjomba akakaza. Tukashusha, tukasukuma gari mbele na nyuma likae vizuri, nikapima tena. Kilipungua kidole kimoja, lakini jua lilikuwa kali, nami nikasema, "Sawa."

Mjomba akaichukua kamba, akapima mwenyewe. Hakunigombeza, alisema tu, "Kesho bibi yako atapanda humu."

Niliona haya, nikaleta jeki tena.

Kesho yake bibi alisinzia njia nzima. Tangu hapo, wasomaji wenzangu, sisemi "sawa" kwa kuchoka.