Woods Hole: Kijiji Kinachosoma Wakati wa Likizo

Huku Marekani vyuo vingi hufungwa mwezi Mei, lakini si milango yote inayofungwa. Upo muhula wa kiangazi, ambamo somo la miezi 4 hukamuliwa hadi likaenea katika wiki 6. Binti yangu alijiandikisha kusoma bayolojia katika muhula huo, kwa kuwa bila somo hilo hawezi kuomba nafasi ya uuguzi. Ulipokuja mtihani wa kwanza, alipata alama 52 katika 100. Usiku ule hakugusa chakula. Mama yake akaninong'oneza kwamba mtoto amekusudia kujiondoa, na kwamba siku ya mwisho ya kujiondoa ni Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nikamwambia afunge kitabu, tutoke sote watatu.

Kutoka viunga vya Boston tunakoishi hadi Woods Hole ni maili zipatazo 70 kuelekea kusini. Unavuka daraja refu la Bourne, kisha unashika njia mpaka nchi kavu inakwisha, na hapo inapokwisha ndipo kilipo kijiji. Mtaa wa maana ni mmoja tu, Water Street. Nyumba nyingi ni za mbao zilizogeuka rangi ya majivu kwa upepo wa chumvi, na katikati ya mtaa lipo daraja dogo linaloinuka ili vyombo vipite kuingia Eel Pond, bwawa la maji ya bahari. Daraja likiinuka kila mtu husimama, awe profesa au msafiri anayeikimbilia feri ya Martha's Vineyard. Mimi niliyekulia Pangani, nikingoja pantoni asubuhi na jioni, nilijiona nimefika kwetu.

Desturi ya kuja pande hizi kusoma viumbe wakati wa kiangazi ni ya zamani. Mwaka 1873 Louis Agassiz, mwanasayansi mashuhuri, alifungua skuli ya walimu katika kisiwa cha Penikese, kisicho mbali na hapo. Alifariki Disemba ya mwaka uleule, na skuli yake haikuvuka kiangazi cha pili. Fikra yake, hata hivyo, haikufa: mwaka 1888 ikaanzishwa Woods Hole maabara ya viumbe vya bahari, Marine Biological Laboratory, ambayo hadi leo hufundisha kila kiangazi.

Tusifiche lakini: Agassiz aliwahesabu watu weusi kuwa wa daraja ya chini. Ndiyo maana habari ya Ernest Everett Just hunigusa. Just alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard. Alifika Woods Hole mwaka 1909, na akarudi takriban kila kiangazi kwa miaka 20. Alichunguza namna yai linavyopokea mbegu, akitumia mayai ya nyungunyungu wa baharini ambao hupanda juu ya maji usiku, kwa kufuata mwandamo wa mwezi. Wavuvi wetu wangemwelewa mara moja. Kwa kuwa miezi mingine alikuwa akifundisha, sehemu kubwa ya elimu yake ya juu aliikusanya kiangazi hadi kiangazi, na shahada ya udaktari akaipata Chicago mwaka 1916. Wenzake walimwendea kumwuliza jinsi ya kuyatunza mayai yasiharibike. Hata hivyo, hakuna chuo kikuu cha wazungu nchini mwake kilichompa kazi. Alikwenda kufanya utafiti Ulaya, akashikwa na Wajerumani Ufaransa mwaka 1940, na akafariki Washington mwaka uliofuata.

Nilimsimulia binti yangu haya huku tumekaa ukingoni mwa maji. Alisikiliza bila kusema neno. Kilichomwamsha kilikuwa kingine. Nilipomtajia kwamba mwaka 1982 Mwingereza Tim Hunt, aliyekuja kufundisha hapo kiangazi, aliona katika mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba protini inayotoweka kila seli inapogawanyika, na kwamba jambo hilo lilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001, aligeuka ghafla. "Baba, kugawanyika kwa seli ndiko kulikoniangusha!"

Tulisali Alasiri kwenye nyasi, kisha tukashuka ufukweni, maji yamekupwa. Mama yake akaokota gamba tupu la yule kiumbe anayefananishwa na kwato ya farasi. Damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo, na huganda inapoguswa na sumu ya bakteria. Frederick Bang aliligundua hilo papo hapo Woods Hole, na kwa miaka mingi dawa nyingi za sindano, pamoja na chanjo, zimekuwa zikipimwa usalama wake kwa damu hiyo. Binti yangu akalipindua gamba, akamwonyesha mama yake mahali palipokuwa matamvua, yaliyopangika kama kurasa za kitabu, akaeleza hadi mama yake akaomba tukale.

Njiani usiku aliniomba niwashe taa ya ndani ya gari, akafungua kitabu kwenye sura ya seli.

Jumatatu ilipita, wala hakujiondoa. Mtihani wa pili amepata 68. Umebaki wa tatu, na gamba liko juu ya friji. Mama yake ameshalalamikia harufu mara mbili.