Haki ya Njia: Matembezi Yetu katika Barabara ya Istiklal, Istanbul

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, katika mji wa Istanbul, nchini Uturuki, ipo barabara mashuhuri ya watu waendao kwa miguu. Jina lake ni Istiklal, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya uhuru, na urefu wake ni takriban kilomita 1.4, kutoka Tünel hadi uwanja wa Taksim. Tuliipita pamoja na familia yetu alasiri ya Jumamosi moja. Tumeona vyema kuwasimulia, kwa kuwa wapo wazazi wanaotuuliza iwapo yafaa kuwapeleka watoto mahali penye maduka, ngoma na mchanganyiko wa kila aina ya watu.

Zamani magari yalipita humo kama katika barabara nyingine yoyote. Mwaka 1990 wakuu wa mji waliyazuia, wakairudisha tramu ya kale, nyekundu, itambaayo polepole katikati ya halaiki huku ikipiga kengele. Tünel penyewe pana reli fupi ya chini ya ardhi iliyofunguliwa 1875, ya pili kwa ukongwe duniani baada ya ile ya London, imwondoleayo mpandaji taabu ya kukwea kilima kutoka pwani.

Mgeni atokaye kwetu hajioni mgeni sana. Kwa Waturuki duka ni dükkân, saa ni saat, habari ni haber na hesabu ni hesap, kwani wao na sisi tumechota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Wachuuzi wenye vigari vyekundu huuza mahindi ya kuchoma na ya kuchemsha, na mikate ya duara iliyojaa ufuta, iitwayo simit. Muuza aiskrimu hutumia fimbo ndefu ya chuma. Mtoto akinyoosha mkono hubakiwa na koni tupu, mara ya pili na ya tatu, mpaka waliosimama wote wacheke. Kijana wetu mdogo alifanyiwa hivyo mara nne, akacheka kuliko wote.

Hatua chache kutoka Tünel, katika njia ya Galip Dede, maduka yamepangana yakiuza ala za muziki, na miongoni mwake ni udi, nai na ganuni, ala ambazo wazee wa taarab wa pwani yetu wanazijua vizuri. Hapo hapo pana zawiya ya tarika ya Mawlawi iliyoasisiwa 1491, ambayo leo ni makumbusho. Mbele zaidi, ndani ya Istiklal, mtu hupita kanisa kubwa la Kikatoliki la matofali mekundu, kisha lango la shule ya Galatasaray, kisha ujia wenye paa la vioo uitwao Çiçek Pasajı, yaani Ujia wa Maua, ambao leo umejaa mikahawa inayouza pombe. Hatukuwaficha watoto jambo hilo. Waliuliza, tukawajibu, tukaendelea na safari yetu.

Wapiga muziki wamesimama kila baada ya hatua kadhaa. Tulipokaribia Msikiti wa Hüseyin Ağa, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 16, tulimkuta mtu wa makamo akipiga udi, mfuko wake umefunguliwa chini kwa ajili ya sarafu. Mara ikaadhiniwa Magharibi. Mtu yule akaweka kiganja juu ya nyuzi, akainamisha kichwa hadi adhana ikamalizika. Vijana waliomzunguka, ambao wengi wao hawakuelekea msikitini, nao walinyamaza.

Tulipotoka kusali tulimkuta pale pale, tukamsalimu, akajibu kwa Kiarabu cha Sham. Alitueleza kwamba anatoka Halab, kwamba kule alikuwa na duka la vitambaa, na kwamba vita vilimleta Uturuki kama vilivyowaleta mamilioni ya Wasyria wenzake. Udi, alisema, aliupiga kwao kwa kujifurahisha. Leo ndio unaolipa kodi ya chumba.

Binti yetu akatuvuta kando. "Baba, tukimpa, si tutakuwa tumelipia muziki?"

Swali lilikuwa la haki, na ni sisi tuliomfundisha kuuliza hivyo. Tulimjibu kwamba juu ya ala za muziki wanavyuoni wana kauli zao, nasi tunaishika ile tuliyosomeshwa chuoni. Ama kumpa mwenye haja, hilo halina khitilafu, na amali hutazamwa kwa nia yake. Akatoa lira alizokuwa amejiwekea za kununua bangili. Alipoinama ili azitie mfukoni, mama yake akamzuia: "Mpe mkononi, mwanangu. Usimtupie."

Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Waliposema hawana budi, aliwaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mafundisho haya yanatuonyesha kwamba njia ya watu wote haikuachwa bila adabu, na wala Muislamu hakuambiwa aikimbie. Mtoto asiyewahi kupita na mzazi wake mahali penye mazuri na mabaya atapapita siku moja peke yake, au na rafiki asiyemjua mzazi. Katika Istiklal watoto wetu waliona pombe, waliona pia mtu aliyenyamaza kwa heshima ya adhana, nasi tulikuwa ubavuni mwao tukiwatofautishia.

Na kuzuia maudhi ni wajibu wa wote. Tarehe 13 Novemba 2022 bomu liliwaua watu 6 katika barabara hii hii, watu waliokuwa wakitembea kama tulivyotembea sisi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Atakayemdhuru mpita njia amevunja amana iliyo shingoni mwa kila mmoja wetu.

Maudhi mengine ni madogo, lakini ni ya kila siku, na hayo tunayo nyumbani. Katika Ndia Kuu ya Mji wa Kale hapa Mombasa, bibi mwenye fimbo hujibanza ukutani ili pikipiki na tuktuk zipite. Vichochoro vyetu vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, kama vile vya Lamu. Waturuki waliweza kuyazuia magari katika barabara kubwa kuliko yetu, na maduka yake hayajafungwa, yamejaa wanunuzi. Sisi tungeanza na kidogo: wazee wa mitaa, wenye maduka na vijana wa bodaboda wakae pamoja, wakubaliane angalau saa za Ijumaa na za jioni, ambapo njia itaachiwa wenye miguu. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye njia zetu ziwe za salama, na awajaalie watoto wetu kutembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Amin.

Wabillahi tawfiq.