Bushi Tuliyoibana

Sisi ni mafundi watatu wa karakana moja, na wote tunaabudu hapa. Mwaka jana tulipewa kazi ya kuchonga bushi za shaba za pampu ya maji, nyembamba, unene wa ukuta milimita 3. Kwenye mashine ya kerezo tulizikaza kwa nguvu zote kwa yale meno matatu, maana tuliogopa zisichomoke. Tundu likatoka duara safi. Tulipolegeza, shaba ilijirudi, tundu likawa na vipembe vitatu ambavyo jicho halivioni. Hata maikromita haikutuambia kitu, kwa kuwa hupima kutoka upande mmoja hadi wa pili tu. Shafti ilipokataa kuingia ndipo tulipojua. Ile ya nne ilipoharibika tulimfokea kijana wetu anayejifunza kazi, na shaba yenyewe tulikuwa tumeikopa. Akaenda kwao, hakurudi.

Baadaye tulitengeneza meno ya chuma laini, tukayachonga yakumbatie bushi karibu mzingo wote. Tukakata tukiacha nusu milimita, tukalegeza, tukaiacha ipoe, tukaishika tena kwa upole, tukamalizia. Ikaingia.

Jioni hiyo maombi yalitushinda. Miezi yote tulikuwa tumembana yule kijana kwa makemeo. Mbele yetu alionekana mnyofu, nasi tukajisifu hata kwa mchungaji. Jumamosi tulikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alitupa chai. Kijana alisimama mlangoni, kimya, kisha akauliza kama bushi ziliingia.