Kivuli cha Alasiri Katika Jangwa la Qatar



Mwezi wa Disemba, mimi na mume wangu tulimsindikiza mama yangu kwenda Doha kumzuru mwanawe. Ndugu yangu mdogo ni mlinzi katika mji huo, kama walivyo vijana wengi wa Kenya, na ilikuwa imetimia miaka saba tangu tulipomuaga. Katika miaka hiyo baba yetu alitangulia mbele ya haki. Ndugu yangu hakuwahi maziko, na ruhusa ya kazini ilipopatikana, hitima ilikuwa imekwisha kusomwa. Hatukuwa na haja nyingine huko ila kuonana naye.

Alikuwa amejiombea mapumziko ya siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Baada ya swala ya Ijumaa alituambia, "Mama, nataka nikuoneshe kitu ambacho sijui nikiitaje." Mama alidhani tunapelekwa sokoni. Tulipelekwa kwenye bustani ya Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, ufukweni.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 2008, juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono ya watu. Msanifu wake, I. M. Pei, alisafiri nchi kadhaa za Kiislamu akitafuta umbo la kumwongoza, na akalipata Cairo, katika birika la kutawadhia lililo uani mwa Msikiti wa Ibn Tulun. Kilichomvutia pale ni jinsi jua linavyozikata kuta tupu, upande mmoja ukawa nuru na wa pili ukawa giza. Ukilitazama jengo lake wakati wa alasiri utayaona hayo hayo: ukuta wa jiwe jeupe usio na pambo, ila kivuli.

Lakini ndugu yangu hakusimama hapo. Alituongoza hadi mwisho wa gati inayoingia baharini, na huko tukaona mnara wa chuma wenye rangi ya kutu, mrefu kupita mita 24. Unaitwa "7". Ni mabamba saba yaliyosimamishwa yakiegemeana, na chini yake mna nafasi za kuingilia. Aliyeubuni ni Richard Serra, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1938 na kufariki mwaka 2024. Ulisimamishwa mwaka 2011.

Mama alisita. "Hii ni sanamu?" akauliza.

Swali lake si dogo kwetu. Katika lugha yetu neno hilo hubeba uzito wa vitu vilivyoabudiwa, na Mwislamu hulisikia kwa tahadhari. Mimi si mwenye kutoa fatwa. Masuala hayo yana wenyewe. Nilichoweza kumwambia mama ni kile alichokiona kwa macho yake: mnara ule hauna kichwa wala kiwiliwili, na haukusudiwi kufanana na kiumbe chochote. Wajuao huiita kazi ya namna hii sanaa ya kidhahania. Huoneshi mtu wala mnyama, hukuachia umbo na mahali pake tu. Serra aliihusisha kazi hii na hadhi ya namba saba katika utamaduni wa Kiislamu, na pia na Abu Sahl al-Quhi, mwanahisabati wa karne ya 10 aliyeonesha njia ya kuchora umbo la pembe saba zilizo sawa. Mama alipoisikia ile saba, aliitaja mizunguko ya tawafu na mwendo wa Safa na Marwa, kisha akaingia.

Ndani ni baridi, na sauti hurejea. Ukiinua uso, unaiona mbingu imekatwa pembe saba. Tuliingia jua likiwa bado kali, na kile kipande cha mbingu kilikuwa cheupe hata kuumiza macho. Tulipoingia tena karibu na magharibi kilikuwa cha samawati iliyokoza, na chuma kilichokuwa kahawia kikavu kimekuwa chekundu kama udongo wa Tsavo. Nje, majengo marefu ya kioo ng'ambo ya maji yalikuwa yakiwasha taa. Chuma kilikuwa kile kile; jua lilikuwa limehama.

"Mimi nimejua hayo kazini," ndugu yangu alisema. Akatueleza kwamba mlinzi wa mlangoni huishi na kivuli. Asubuhi husimama upande huu wa nguzo, mchana upande ule, na jioni huwa amefika upande wa pili wa alipoanzia. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi hiyo hukataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Nuru ambayo mgeni huisifu, yeye huihesabu kwa saa na kwa chupa za maji. Nilinyamaza. Siku ile nzima nilikuwa nimeisifu.

Jumamosi tuliondoka mapema kuelekea magharibi mwa nchi, upande wa Zekreet. Barabara kuu ni nzuri, lakini mwisho wa safari ni njia ya changarawe na mchanga, na gari la kupanda milima hufaa zaidi. Mahali hapo ni hifadhi ya wanyama iitwayo Brouq. Kushoto na kulia kuna vilima vya jasi vyenye vilele bapa, na katikati ni uwanda mweupe usio na mti. Kisha kikaonekana kijiti cheusi kwa mbali, na nyuma yake cha pili.

Havikuwa vijiti. Ni mabamba manne ya chuma ambayo Serra aliyasimamisha hapo mwaka 2014, na kazi hiyo huitwa "East-West/West-East", yaani Mashariki hadi Magharibi na kurudi. Mawili yana urefu wa mita 14.7 na mawili mita 16.7, na kutoka la kwanza hadi la mwisho ni zaidi ya kilomita moja. Ukisimama mwisho wowote unayaona yote manne.

Mara ya kwanza nilihisi nimedanganywa. Tumesafiri kutoka Mombasa, tumeamka alfajiri, kuja kutazama mabamba ya kutu? Ndugu yangu akasema tutembee kwanza.

Katika kutembea ndimo jambo lilipofunuka. Jicho lilikuwa limeniambia kwamba uwanda ule ni sawa kama mkeka. Miguu ikasema vingine: tulikuwa tukipanda na kushuka bila kujua. Mabamba yamepimwa ili vichwa vyake vyote vinne vilingane, na vilingane pia na vilele vya vilima vya pembeni. Ndiyo maana marefu yake hayafanani: ardhi ikishuka, chuma hurefuka. Anayefuata ule mstari wa juu kwa macho huku akikanyaga chini, huisoma nchi yenyewe. Bamba moja likiwekwa katika ua wa ofisi mjini lingekuwa kipande cha chuma tu. Hapa limekuwa kipimo.

Na si kipimo cha ardhi peke yake. Chuma hiki ni cha aina inayoachwa ipate kutu makusudi, ile kutu ya juu ikawa kama ngozi yake. Kilikuja kikiwa cha kijivu, na miaka ya jua na umande imekigeuza kahawia. Rangi yake ya leo ni hesabu ya siku kilizosimama. Serra alivijua vyuma tangu utotoni. Baba yake alifanya kazi katika karakana ya meli, na alipotimiza miaka minne alimpeleka kutazama meli ikishuliwa. Naye mwenyewe ujanani alifanya kazi katika viwanda vya chuma ili apate ada ya masomo. Nilipomweleza mama habari hizo alisema, "Basi ni mtu wa kazi." Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Adhuhuri iliingia saa tano na nusu, mapema kuliko tulivyozoea. Mama akavua viatu, akasimama wima juu ya mchanga, akaniomba nitie alama pale kinapoishia kivuli cha kichwa chake. Kisha akaanza kukipima kwa nyayo, kisigino mbele ya kidole. Nyayo saba na nusu.

Alishangaa. Nyumbani, mwezi huo huo wa Disemba, kivuli chake cha zawali hakipiti nyayo mbili na kidogo. Kwetu mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini na kivuli hufichika miguuni; Qatar jua haliwahi kufika utosini hata siku moja. Katika kipupwe cha huko, saa ya mchana mwenyewe, kivuli cha kitu hukishinda kitu chenyewe kwa urefu. Tuliyatazama mabamba, na kweli: kila moja lilikuwa limelaza kaskazini kivuli kirefu kuliko lenyewe.

"Nani alikufundisha?" ndugu yangu akauliza.

"Baba yako," mama akajibu. "Kabla ya saa ya ukutani kuletwa pale msikitini, yeye ndiye aliyekuwa akiangalia kivuli. Kimo cha mtu ni nyayo zake sita na nusu. Chukua kivuli cha zawali, ongeza kimo chako. Kikifika hapo, alasiri imeingia."

Ndugu yangu aliondoka nyumbani ana miaka 22, na hakuwahi kumwona baba akifanya hivyo. Aliinama akaiangalia ile alama mchangani kwa muda, kisha akasema, "Nifundishe."

Tulingoja. Tulikula mikate ya mofa tuliyobeba, tukanywa chai ya chupa, tukahama kila kivuli cha bamba kilipohama. Huko hakuna mti wala paa. Anayetaka kivuli hukipata kwa chuma kile tu, na kivuli chake hutembea kama mshale wa saa kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Nilimwona ndugu yangu akikifuata bila kufikiri, hatua mbili, kisha tatu, kama anavyokifuata mlangoni kwake. Safari hii mama alikuwa amekaa kando yake.

Karibu na saa nane na nusu akasimama juchini mwa jua, mama akimwelekeza. Akapima kwa nyayo zake mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Kumi na tatu. Tukangoja kidogo. Kumi na nne. "Imeingia," mama akasema. Haikupita muda simu ya mume wangu ikaadhini. Ndugu yangu akaangalia pembeni, na sisi tukajishughulisha na kufungua maji ya udhu ili apate nafasi ya kufuta uso.

Msomaji anayeijua Suratul Furqan atakumbuka kwamba kivuli kimetajwa humo kuwa miongoni mwa dalili za uwezo wa Mola wetu. Mimi nimeisoma sura hiyo tangu chuoni, lakini sikuwahi kukaa mchana mzima nikikitazama kivuli kikirefuka. Chuma kisicho na sura kilinilazimisha. Kingekuwa na uso, ningeutazama uso, nikaondoka.

Kwa familia zitakazojaaliwa kufika huko, nendeni kati ya Novemba na Machi, mbebe maji ya kunywa na ya udhu, na viatu vya kufunga. Fikeni kabla ya adhuhuri au kaeni hadi karibu na magharibi. Saa moja haitoshi. Wazuieni watoto wasikwaruze majina juu ya chuma, maana wako waliofanya hivyo.

Na kwa tusiosafiri, tunavyo vyetu. Nguzo za makaburi ya kale pale Mnarani, Gede na Malindi zimesimama karne nyingi bila sura ya kiumbe, na wengi wetu tumezipita mchana wa jua kali, tukapiga picha, tukaenda zetu. Tuzirudie alasiri na watoto wetu, tukae nazo.

Katikati ya Februari ndugu yangu alituma ujumbe wa maneno machache: "Leo zawali ni nyayo tano. Mwambie mama." Nilimsomea. Akavua viatu, akatoka uani, akasimama, akaangalia chini.

"Mwambie," akasema, "hapa kwetu hakifiki unyayo mmoja."