Jikoni Kumefungwa, Shangazi

Saa nane na dakika thelathini na tano mchana, siku ya Jumapili, katika pabu moja ya Whitstable, pwani ya Kent, Uingereza, ambayo haina haja ya kutajwa jina, msichana wa kaunta aliinamisha kichwa kwa huruma na kusema jiko limefungwa. Harufu ya nyama ya kuoka ilikuwa bado inazunguka ukumbini. Mlango wa jikoni ulipofunguka, trei ya viazi ilionekana, na viazi vilikuwa vingi. Limefungwa, akarudia, tangu saa nane na nusu.

Shangazi alikuwa na siku tisa tu tangu atoke Kibokoni, Mombasa. Alimtazama msichana, kisha akamgeukia mpwawe.

"Hebu muulize, mwanangu. Chakula kimekwisha au mpishi kafa?"

Mpwa huyo ndiye mwandishi wa safu hii, mkazi wa Kent kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na swali lile hakulitafsiri.

Kwa mtu wa Mombasa lilikuwa swali la haki. Kule kinachokwisha ni chakula, si saa. Ukichelewa kwa mama wa chakula cha mchana utaambiwa nyama hakuna, mchuzi upo. Mchuzi nao ukiisha, atakukwangulia ukoko, autilie maharagwe, nawe utakula huku ukisimuliwa habari za waliowahi. Pwani ya Kent chakula kina ratiba kama treni. Tena kinaishinda treni, maana treni huchelewa. Cha mchana ni saa sita hadi saa nane na nusu, penginepo saa tisa. Cha jioni hungoja saa kumi na mbili, na ikigonga saa tatu usiku wapishi wameshavua aproni. Katikati ya hapo mwenye njaa huuziwa pakiti ya krispi.

Ajabu ni kwamba mwandishi, aliye mwenyeji wa Shangazi huku, alianza kuwatetea wenye pabu. Alijisikia akieleza kuwa wapishi ni wachache, kuwa serikali inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwa kila sahani, kuwa tangu Julai 2025 mpishi wa kutoka ng'ambo hawezi tena kuombewa viza mpya ya kazi za ujuzi. Shangazi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akimtetea rafiki aliyevunja dirisha.

"Wamekuroga hawa," akasema, akavuta kiti. Nje mvua ilikuwa imeanza.

Kukaa pabuni na shangazi aliyevaa buibui kuna mitihani yake. Wa kwanza ni jina: kwani hii si baa? Ni baa na si baa, alijibiwa. Pale kwenye kona watoto wanapaka rangi vitabu vyao, bibi mmoja anafuma sweta, na anayetaka juisi hunywa juisi. Mtihani wa pili ulikuwa umelala chini ya meza ya jirani, mweusi, manyoya tele, ulimi nje. Pabu nyingi za pwani hii hukaribisha mbwa na kuwawekea bakuli la maji mlangoni, heshima ambayo baadhi ya wajukuu hawaipati. Shangazi alikusanya buibui lake magotini, akainua miguu, akakaa hivyo kama abiria wa dau linaloingia maji. Mwenye mbwa, mzee wa makamo ya sabini, aliona. Bila kuambiwa akamvutia mnyama wake upande wa pili, kisha akaomba radhi kwa niaba yake.

Hapo ndipo maongezi yalipoanza. Mzee aliuliza kama Mombasa nako bahari huondoka. Maana Whitstable maji yakipwa huacha tope hadi mbali, na ulimi wa kokoto wanaouita The Street huchomoza katikati ya bahari, watu wakatembea juu yake kama barabarani. Shangazi, kwa mkalimani, akamweleza bamvua na maji mafu, na jinsi wanawake wanavyofuata maji yakipwa kuokota chaza na pweza. Wakaelewana kuliko wanavyoelewana mawaziri wa mambo ya nje. Na glasi mbili za maji ya bomba zenye barafu zikaja bila malipo, kwa kuwa tangu 2010 sheria inazitaka baa za Uingereza zimpe mteja maji hayo bure akiyaomba. Shangazi alirudia mara tatu kuuliza kama kweli ni bure.

Pabu, ukiitazama vizuri, ni baraza iliyoingizwa ndani kwa sababu ya baridi. Watu ni walewale kila Jumapili, kila mmoja na pembe yake. Hakuna mhudumu wa kukufuata mezani. Unakwenda mwenyewe kaunta, na ingawa hakuna foleni inayoonekana, kila mtu anajua nani amefika kabla ya nani, na muuzaji naye anajua. Anayeruka zamu hatagombezwa. Atatazamwa tu, na tazamo hilo ni zito kuliko matusi ya utingo wa matatu. Marafiki hununuliana kwa mzunguko, leo mimi kesho wewe, na anayenywa kisha akayeyuka zamu yake inapofika hukumbukwa miaka.

Kilomita chache kutoka Whitstable, katika kijiji cha Herne, mwaka 2005 bwana mmoja aitwaye Martyn Hillier aligeuza duka la zamani la nyama kuwa pabu ndogo kuliko sebule ya nyumba ya Kibokoni. Hakuweka muziki, mashine za kamari wala runinga. Ni bia ya pipa, viti vichache na maneno. Aliweza kwa sababu sheria mpya ya leseni ilikuwa imelegeza milango mwaka huohuo, na leo pabu za aina hiyo zimeenea nchi nzima. Mwandishi huingia humo mara mojamoja na soda yake ya ndimu, na hajawahi kuulizwa kwa nini hanywi. Huulizwa tu maoni yake kuhusu kriketi, ambayo hana. Ukiondoa pipa na kuweka dele la kahawa na kashata, mzee yeyote wa Mji wa Kale wa Mombasa angekaa pale hadi adhana.

Mvua ilipokatika walishuka bandarini, kwenye vibanda vya samaki. Mwezi ulikuwa Septemba, na hilo lina maana yake hapa: chaza wa asili wa pwani hii huliwa kuanzia Septemba hadi Aprili, miezi mingine wanaachwa wazae. Chaza wa Kent walisifika tangu zama za Warumi. Juvenal, mshairi wao, aliwataja wale wa Richborough. Katika karne ya 19 walikuwa chakula cha maskini wa London, wakitiwa ndani ya pai ili nyama ionekane nyingi. Sasa wanauzwa kwa idadi, juu ya barafu, na anayewala anashika glasi ya mvinyo na kufumba macho.

"Mbichi?" aliuliza Shangazi.

Mbichi. Na ndimu juu yake. Shangazi anamjua chaza wa nazi, anamjua wa kukaanga na pilipili, lakini huyu aliyekuwa bado anajikunja alimshinda. Alichukua ganda tupu, akalifuta, akalitia mkobani.

Mwenyeji naye siku hizi hali chaza wabichi, ila kwa sababu nyingine, na hapa msomaji avumilie kidogo. Kwenye milango ya mikahawa ya Uingereza utaona stika ya kijani yenye alama kuanzia 0 hadi 5, inayoonyesha usafi wa jiko. Wales na Ireland ya Kaskazini ni lazima kuibandika. England ni hiari, kwa hiyo penye 5 imeng'arishwa na penye 2 huioni. Ni mpango mzuri. Lakini Julai 2021 kampuni ya maji ya eneo hili, Southern Water, ilitozwa faini ya pauni milioni 90 baada ya kukiri kwamba kati ya 2010 na 2015 ilikuwa ikimwaga majitaka yasiyosafishwa baharini mara maelfu, yakiwemo maji ya kaskazini mwa Kent wanakokua chaza hawa. Wakaguzi walikuwa wakipima vidole vya mpishi huku bomba likitapika nyuma ya nyumba. Na ni nchi hiihii ambayo wasafiri wake hufika Mombasa na Zanzibar na maagizo mkononi: usile barabarani, usinywe juisi ya miwa, usiguse kachumbari, ogopa barafu. Muuza mishkaki anayechoma mbele ya macho yako, moto unaonekana, nyama inaonekana, anatiliwa shaka. Kampuni yenye ofisi za vioo ilichukua miaka kufikishwa mahakamani. Shangazi alipoelezwa faini hiyo hakushangazwa na pauni. Alishangaa kwamba kumbe na Wazungu wana mto wa uchafu.

Njaa ikawapeleka kwenye duka la samaki na chipsi. Swali la kwanza, kwa anayechunga halali, ni la mafuta. Maduka mengine hukaangia mafuta ya mnyama, hasa kaskazini mwa nchi, na hata viazi vya kuoka vya Jumapili huenda vimelelewa kwenye mafuta ya ng'ombe au ya bata bukini. Hapa yalikuwa ya mimea. Bei, pauni 14 kwa sahani, Shangazi aliigeuza shilingi papo hapo, ikapita elfu mbili, akaomba sahani moja na uma mbili.

Samaki mwenyewe ni cod, mweupe, mnene, ndani ya koti la unga linalovunjika kama bajia. Wengi wa cod wanaoliwa Uingereza hutoka maji ya Iceland na Norway, kwa hiyo ukikaa pwani ya Kent ukitazama bahari, unakula samaki wa bahari nyingine. Kumkaanga namna hiyo nako kunasemekana kuliletwa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania na Ureno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilipima sukari, siagi na nyama kwa kadi, lakini samaki na chipsi haikuwagusa. Mwenyeji alikuwa anayasimulia haya kwa fahari, kana kwamba babu yake alikuwa mvuvi wa Ramsgate, pale Shangazi alipoonja njegere za kupondwa.

"Mtu kaanza mbaazi," akasema, "kisha kasahau nazi."

Akafungua mkoba, akatoa chupa ya achari ya embe. Mwandishi akakumbuka riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2001, *By the Sea*, ambamo mzee wa Zanzibar anaingia Uingereza na kisanduku cha udi, na ofisa wa uwanja wa ndege anakitwaa. Gurnah, mshindi wa Nobeli wa 2021, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, Canterbury, mwendo mfupi kutoka pale walipokaa. Kisanduku cha Shangazi kilivuka salama. Achari iliwafaa samaki. Siki ya shayiri ikasukumwa pembeni. Shakwe mmoja aliyekuwa akiwazengea alichukua kipande, akaonja pilipili, akakitema.

Baada ya hapo Shangazi akaanza kusifu vya kwao: mihogo ya Mama Ngina Drive, viazi karai, ukwaju. Vyote kweli. Mwenyeji alikubali, akaongeza kwamba kwao pia kuna hoteli za ufukweni ambako mlinzi humuuliza mtoto wa nchi anamtafuta nani, na menyu ya kurasa nane ambayo kila unachoagiza hakipo, hadi unauliza kilichopo ni nini, unaambiwa chipsi kuku.

"Lakini jiko liko wazi," alisema Shangazi.

Jumapili iliyofuata walirudi pabuni saa saba kasorobo. Shangazi alikula samaki wa kuoka na mboga, akasema hana chumvi, akamaliza. Mzee wa mbwa alikuwepo, mbwa akiwa upande wa pili tayari.

Atakayemleta mzazi pwani hii apige simu mapema ahifadhi meza, afike kabla ya saa nane, aulize mafuta ni ya nini, na aombe nafasi iliyo mbali na mbwa. Achari abebe mwenyewe.