Mjadala wa Ushindi Mkuu

Tulipokuwa tukifundisha Kiswahili huko Alabama, Marekani, wanafunzi wetu walijibu kwa neno moja moja, kwa kuhofia ngeli. Siku moja ya mwaka 2019 tukawauliza: katika miaka hii kumi, ushindi upi wa timu ya Chuo Kikuu cha Auburn, katika futiboli ya Kimarekani, ndio mkuu? Darasa likageuka gulio.

Mmoja alishikilia Novemba 2010: Auburn, wakiwa ugenini, walitanguliwa 24 kwa 0 na watani wao wa jadi, Alabama, hatimaye wakashinda 28 kwa 27. Mwingine alidai kuwa kipimo ni ubingwa, nao ulipatikana Januari 2011 walipoishinda Oregon 22 kwa 19.

Ndipo akasimama kijana aliyekuwa hajapata kufungua kinywa. Akaeleza tarehe 30 Novemba 2013: ni 28 kwa 28, imebaki sekunde moja, Alabama wanapiga mpira upite kati ya milingoti, haufiki; Chris Davis anaudaka ukingoni mwa uwanja, anakimbia nao mpaka mwisho wa pili. 34 kwa 28! "Watu yote walilia," akasema.

Nasi, kwa mazoea ya kalamu nyekundu, tukamkatiza: "Watu wote."

"Ndiyo, mwalimu," akajibu, akaketi. Hakusema tena hadi kipindi kikaisha.

Wiki iliyofuata tuliurudia mjadala ule ule. Safari hii makosa tuliyaandika daftarini, kimya, tukayasahihisha kesho yake bila kumtaja mtu. Kijana yule alisimama wa tatu.