Msichana Aliyeolewa na Zimwi



Sisi tulio wazazi wenu tulilelewa na hadithi za jioni, kando ya moto. Binti anawakataa wachumba wa kijijini, anampenda mgeni mzuri wa sura, anamfuata mbali, na usiku anagundua kwamba ameolewa na zimwi. Wasimulizi walihitimisha kwa kumlaumu binti: angalisikiliza wakubwa!

Wafaransa nao wanayo ya namna hiyo. Mwaka 1697 Charles Perrault alichapisha habari za tajiri mwenye ndevu za buluu, aliyemwachia mke wake funguo zote za nyumba, akimkataza chumba kimoja. Mke akakifungua, akakuta maiti za wake waliomtangulia. Nayo mafundisho ya mwisho yanakemea udadisi wa mwanamke!

Hadithi hizo zilitamka usiku yale yasiyotamkwa mchana. Mchana bibi arusi huusiwa: vumilia, siri ya nyumba haitoki nje. Akirudi kwa baba yake na alama za fimbo mwilini, huulizwa kwanza amekosa nini. Na kwa kuwa ng'ombe wa mahari wamekwisha kugawanywa, hurudishwa alikotoka. Basi mlango wa zimwi umefungwa na mikono mingi, hata yetu sisi ukoo.

Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 ilimdai mke ruhusa ya mume katika mambo kadhaa ya kisheria; mwaka 2016 sharti hilo liliondolewa. Mwaka huohuo Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia, alifundisha kwamba ukatili dhidi ya mke unapingana na ndoa yenyewe, tena ni uoga. Naye Mtume Paulo, kabla ya kunena juu ya utii wa wake, aliwataka Waefeso wote wanyenyekeane wao kwa wao (Efe 5:21). Uvumilivu ni fadhila. Kumfunika mwovu hakujapata kuwa fadhila.

Mke wa yule tajiri aliokolewa na kaka zake waliofika mbio. Katika masimulizi yetu mengi, mdogo wake binti ndiye anayemfuata na kukesha macho. Ninyi vijana wa kiume ndio kaka hao.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Dada yetu akibisha hodi usiku, tutamfungulia, au tutahesabu ng'ombe kwanza?